Mwenzio anasoma Canada? Kozi yake ndiyo itasema kama utafanya kazi

Februari 2024 binamu yangu aliuza friji. Halafu kochi, halafu kitanda, halafu runinga aliyokuwa amemaliza kuilipia miezi miwili tu awali. Alipakia picha Facebook na kuandika maneno mawili juu yake: nahama nchi. Majirani pale Umoja walikuja, wakapunguza bei walivyoweza, wakabeba. Kufikia mwisho wa mwezi jamaa alikuwa analala kwenye godoro sakafuni, begi limesimama kwenye kona, anasubiri kitu kimoja tu: mgao wa sacco.

Mkewe alikuwa ametangulia Januari kwenda Ontario, Canada, kusomea cheti cha mwaka mmoja cha usimamizi wa miradi katika koleji moja huko. Wifi ana digrii ya biashara aliyoipata hapa nyumbani, na alikuwa amefanya kazi miaka minne. Waliuza ploti ya Joska ili walipe karo na kuonyesha pesa za matumizi kwenye benki. Pesa hizo zilitosha mtu mmoja kupanda ndege. Wa pili angefuata mgao ukitoka, na wenye sacco wanajua mambo haya hayatoki kabla mkutano wa mwaka haujafanyika.

Mgao uliingia mwishoni mwa Machi. Binamu akawasilisha ombi lake la kibali cha kazi wiki ya kwanza ya Aprili. Alikuwa amechelewa kwa kama wiki mbili hivi.

Mpango wao si mgeni kwa kijana yeyote wa mjini. Umeuona TikTok, umetumiwa kwenye kikundi cha WhatsApp cha kanisa, umesimuliwa na rafiki aliyeketi karibu nawe kwenye matatu ya Thika Road. Mmoja asome, mwingine apige kazi. Anayesoma anachukua kozi fupi, ya bei nafuu, mradi tu aingie. Anayefuata anapewa kibali cha wazi, yaani kibali kisichomfunga kwa mwajiri mmoja. Anaweza kubeba mizigo kwenye bohari asubuhi na kuosha vyombo hotelini usiku, na hakuna wa kumuuliza. Mshahara wake ndio unalipa nyumba, chakula na karo ya muhula wa pili. Kwa hesabu hiyo, mwanafunzi ni ufunguo tu. Mlango wenyewe ni kibali cha yule anayefuata.

Na kwa miaka kadhaa hesabu hiyo ilikuwa inalipa. Mwenzi wa mwanafunzi wa kutwa, hata yule wa diploma ya koleji, alikuwa na njia ya kuomba kibali hicho. Wakenya wengi walipita hapo, na ndio unaowaona sasa na nyumba zao na magari yao wakitupungia mkono mitandaoni.

Kisha ikafika Januari 22, 2024. Waziri wa Uhamiaji wa Canada wa wakati huo, Marc Miller, alitangaza kwamba serikali inaweka kikomo cha idadi ya vibali vya masomo. Wanafunzi wa kigeni walikuwa wamepita milioni moja, nyumba za kupanga zimekuwa haba, na wananchi wananung'unika. Mwaka huo vibali vipya vingepunguzwa hadi takriban 360,000, pungufu ya asilimia 35 kutoka mwaka uliotangulia. Vyombo vingi vya habari vilikamata hiyo asilimia 35 na kukimbia nayo.

Lakini ndani ya tangazo hilohilo kulikuwa na jambo lingine, ambalo kwa familia kama ya binamu lilikuwa zito kuliko hiyo namba. Katika wiki zijazo, waziri alisema, kibali cha wazi kitabaki kwa wenzi wa wanafunzi wa shahada ya uzamili na ya uzamifu. Wa diploma na vyeti, kwaherini. Sheria ilianza kutumika Machi 19, 2024.

Binamu hakulala usingizi wakati huo wote. Habari alizisikia Februari akampigia ajenti wao, mwenye ofisi kwenye ghorofa ya nne katikati ya jiji. Ajenti akamwambia atulie, kwamba hayo yanawahusu wanafunzi wapya, mkewe tayari yuko ndani. Jibu lilikuwa tamu na lilikuwa la uongo, au tuseme la mtu asiyejua. Kilichoangaliwa ni siku ambayo ombi la mwenzi limepokewa. Siku ambayo mwanafunzi aliingia Canada haikumsaidia mtu. Aliyetuma Machi 18 alipimwa kwa kanuni za zamani. Aliyetuma Machi 19 na baadaye alipimwa kwa kanuni mpya, hata kama mkewe alishaanza kuzoea theluji.

Barua ya kukataliwa aliisomea kwenye simu. Ada ya serikali kwa kibali cha wazi ni dola 255 za Canada, na alama za vidole ni dola 85 nyingine. Zote pamoja ni kama Sh32,000. Ukilinganisha na ploti ya Joska, hizo ni pesa za soda. Kilichomuuma ni kurudi Umoja na kukuta nyumba tupu, na jirani aliyenunua friji anamuuliza kila asubuhi, bila ubaya wowote, "Kumbe bado uko?"

Alihama mtaa mwezi huo. Hadi leo hajasema kama ni kwa sababu ya kodi.

Sasa twende upande wa pili, kwa wifi. Bajeti ya watu wawili alikuwa ameibeba mwenyewe. Mwisho wa Aprili 2024 ruhusa ya muda iliyowawezesha baadhi ya wanafunzi kufanya kazi saa nyingi zaidi ilifika kikomo, na kikomo cha saa 20 kwa wiki nje ya chuo kikarudi. Baadaye, Novemba 8, kilipandishwa hadi saa 24. Kima cha chini cha mshahara Ontario wakati huo kilikuwa dola 16.55 kwa saa. Piga hesabu: saa 20 kwa wiki ni dola 331 kabla ya makato, na kwa mwezi inakuwa kama Sh130,000. Ukiwa Umoja hizo ni pesa. Ukiwa Ontario, ukilipa chumba cha kushiriki na wenzako, basi la kwenda kazini na chakula, unabaki ukiangalia dari. Alisoma mchana, akafanya usafi usiku, na wikendi alipiga simu nyumbani akiwa amejifunika blanketi hadi kichwani kwa sababu mwenye nyumba hapandishi joto.

Tulidhani shida ingeisha akimaliza shule. Mantiki ilikuwa rahisi: mwanafunzi akihitimu hupata kibali cha kazi cha baada ya masomo, na mwenzi wa mfanyakazi naye ana njia yake ya kuomba. Kwa hiyo wakavumilia. Wifi akamaliza, akahitimu, akapata kibali chake.

Hapo ndipo tulipojua kwamba mwaka mmoja wa cheti ulikuwa mtego wa pili.

Kibali cha baada ya masomo hufuata urefu wa kozi. Ukisoma kozi ya diploma ya miaka miwili au zaidi unaweza kupata miaka mitatu. Ukisoma cheti cha mwaka mmoja unapata mwaka mmoja. Na kuanzia Januari 21, 2025, Canada ilikaza tena kamba, safari hii kwa wenzi wa wafanyakazi pia. Mfanyakazi lazima awe kwenye kazi za ngazi za juu, au kazi fulani zilizochaguliwa katika sekta kama afya, ujenzi, elimu na sayansi. Na zaidi ya hayo, siku mwenzi wake anapoomba, kibali cha huyo mfanyakazi lazima kiwe kimebakisha angalau miezi 16.

Kibali cha wifi kilikuwa cha miezi 12 siku kilipotoka kwenye printa. Hata angepata kazi nzuri kuliko zote jimboni, miezi 12 haiwezi kuwa 16. Mlango ulifungwa siku alipochagua kozi akiwa bado Nairobi, na hakuna aliyemwambia.

Hili ndilo jambo ambalo nataka kijana anayefikiria kwenda majuu na mwenzake alielewe kabla hajauza hata kijiko. Kibali cha mwenzi hakitegemei ndoa yenu pekee, hakitegemei juhudi zako, wala hakitegemei kama una ufundi unaotafutwa huko. Binamu ni fundi wa umeme, na Canada inalia kila siku kwamba haina mafundi. Kibali cha mwenzi kinategemea jina na urefu wa kozi anayosoma mwenzako. Basi.

Kanuni za Canada za tangu Januari 21, 2025 ni hizi kwa lugha nyepesi. Mwenzi anaweza kuomba kibali cha wazi ikiwa mwanafunzi yuko kwenye uzamifu, au yuko kwenye shahada ya uzamili isiyopungua miezi 16, au yuko kwenye baadhi ya kozi za kitaaluma za chuo kikuu kama udaktari, meno, sheria, famasia, uhandisi, ualimu na uuguzi. Hapo kwenye uuguzi ndipo Wakenya wengi huteleza. Inayokubalika ni shahada. Diploma ya uuguzi ya koleji haimo, na cheti cha kutunza wazee, ambacho kinauzwa hapa Nairobi kama chapati za moto, hakimo.

Na angalia hiyo miezi 16 vizuri. Kuna shahada nyingi za uzamili za miezi 12, na kwa sababu ni fupi huwa zinavutia: karo ya mwaka mmoja, unamaliza, unaanza maisha. Kwa mtu asiye na familia, sawa kabisa. Kwa mwenye mume au mke anayetaka kufanya kazi, kozi ya miezi 12 na ya miezi 16 ni nchi mbili tofauti.

Kuna suala lingine ambalo tunalizungumza kwa kunong'ona. Je, nyinyi ni mume na mke kweli? Yaani kwenye karatasi?

Wengi wetu tunaishi ndoa za njoo-tuishi. Alikuja na begi moja wikendi, Jumatatu hakurudi kwao, na sasa ni mwaka wa tatu mna mtoto na jiko la gesi. Wazazi wanajua, mzee wa nyumba kumi anajua, hata shosho ameshaitwa shosho. Serikali ndiyo haijui. Wengine wamefanya ruracio au ayie na wakaona imetosha. Lakini Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka hata ndoa za kimila zisajiliwe. Na Januari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya ilisema wazi kwamba kuchukulia watu kuwa mke na mume kwa sababu tu wameishi pamoja ni jambo la nadra, lisifanywe kuwa kanuni. Kwa ufupi, usitegemee sana miaka yenu ya kushiriki mtungi.

Canada ina nafasi kwa wasio na cheti. Inawatambua wenzi walioishi pamoja kama wanandoa kwa miezi 12 mfululizo. Lakini inataka uonyeshe. Mkataba wa nyumba wenye majina mawili, bili, akaunti ya pamoja, barua zinazokuja kwa anwani moja. Sasa niambie, ni wangapi kati yetu wana mkataba wa nyumba hata wenye jina moja? Keyateka anakujua kwa sura na kodi inaingia kwa nambari ya till. Taarifa za M-Pesa zinaweza kusaidia kuonyesha mnavyotumiana pesa za unga na za stima, ila peke yake hazisimami. Anayejua ataondoka mwaka ujao anapaswa kuanza kukusanya makaratasi leo, au aende eCitizen aombe ndoa isajiliwe na yaishe. Harusi ya mamia ya wageni pale Kasarani haihitajiki. Cheti kinahitajika.

Binamu na mkewe walikuwa na cheti. Hilo peke yake walilifanya sawa, kwa sababu mama mkwe alisimama kidete.

Labda unasema, basi achana na Canada, twende kwingine. Uingereza ilifunga mlango huu hata kabla ya Canada. Mwaka 2022 ilitoa viza 135,788 kwa wategemezi wa wanafunzi, wakati 2019 zilikuwa kama 16,000 tu. Serikali ikashtuka. Tangazo lilitoka Mei 2023, na kwa kozi zinazoanza Januari 1, 2024 na kuendelea, mwanafunzi wa uzamili wa kawaida, ule wa kukaa darasani mwaka mmoja, haruhusiwi kuja na mke, mume wala mtoto. Waliobaki ni wa uzamifu na shahada za utafiti, pamoja na wenye ufadhili kamili wa serikali. Kwa hao wachache habari ni njema, maana mtegemezi anaweza kufanya karibu kazi yoyote. Lakini aandae mfuko: ada ya afya peke yake ni pauni 776 kwa kila mwaka wa viza kwa mtu mzima, kama Sh130,000, na inalipwa mapema kabla hujapanda ndege.

Marekani ndiko kunakowachanganya watu zaidi, kwa sababu huko mwenzi anaruhusiwa kuja. Mwanafunzi wa viza ya F-1, hata wa kozi fupi kabisa, anaweza kumleta mumewe au mkewe kwa F-2. Ila F-2 hairuhusiwi kufanya kazi. Si kwa saa 20, si kwa saa moja. Anaweza kusoma kidogo kidogo, apike, alee mtoto, atembee madukani bila kununua. Nimesikia habari za mtu mwenye digrii ya uhandisi aliyekaa hivyo miaka miwili, akihesabu mabasi ya shule yanayopita dirishani. Wale wanaoenda kwa viza ya J-1, kama wanaofadhiliwa na Fulbright, wana nafuu: mwenzi wa J-2 anaweza kuomba ruhusa ya kufanya kazi, ingawa pesa zake hazitakiwi kuwa ndizo za kumlisha yule mwanafunzi. Kwa hiyo mwenye udhamini mkononi aulize mapema anapelekwa kwa herufi gani. Herufi moja tu inaamua mwenzako atakuwa mfanyakazi au mfungwa wa sebuleni.

Australia ina mtindo wake. Mwenzi wa mwanafunzi wa kawaida anafanya kazi saa 48 kwa wiki mbili, sawa na mwanafunzi mwenyewe. Mwanafunzi akiwa wa uzamili au uzamifu, kikomo cha mwenzi kinaondolewa kozi ikishaanza. Ujerumani nayo, mwenzi akishapata kibali cha kuungana na familia, anaruhusiwa kufanya kazi bila mipaka ya saa. Kikwazo kipo kabla ya hapo: kwa kawaida mwenzi wa mwanafunzi anatakiwa aonyeshe anajua Kijerumani cha ngazi ya kwanza, ile A1, na mwanafunzi lazima aonyeshe pesa za kuwatunza wote. A1 ni miezi michache ya darasa hapa Nairobi. Nikilinganisha na kuuza ploti, mimi ningechagua darasa.

Kabla hatujawaita wazungu majina, tujiangalie pia. Mgeni anayekuja Kenya kwa pasi ya mtegemezi haruhusiwi kuajiriwa hapa mpaka apate kibali chake mwenyewe cha kazi. Mke wa mwanafunzi kutoka Congo au Sudan Kusini anayesoma hapa Nairobi yuko kwenye sebule ileile ya F-2, ila yetu ina joto zaidi.

Na hilo neno, mtegemezi. Binamu aliniambia hakuna kitu kilimkera kwenye fomu hizo zote kama kuandikwa kuwa ni mtegemezi wa mke wake. Amelipa kodi ya nyumba tangu akiwa na miaka 21. Wajomba walipojua kwamba mke ndiye aliyetangulia na yeye ndiye anafuata, mmoja akauliza nani atakuwa anapika. Kila mtu akacheka. Yeye pia alicheka, lakini nilimuona. Wanaume wengi hawasemi, ila nahisi baadhi ya familia humtanguliza mume kusoma, hata pale mke ndiye mwenye alama na digrii inayomfungulia uzamili, ili tu kusiwe na maneno kijijini. Kwa kanuni za sasa huo ni uamuzi wa gharama. Anayepaswa kutangulia ni yule anayeweza kuingia kwenye kozi inayokubalika. Jinsia haina uzito kwenye uamuzi huo.

Utegemezi huu una makali mengine ambayo hayachekeshi. Kibali cha mwenzi kimeshonwa kwenye hali ya mwanafunzi. Mwanafunzi akiacha shule, msingi wa kibali umeondoka. Ndoa ikivunjika Uingereza, viza ya mtegemezi inaweza kufupishwa. Canada kibali kilichokwisha kutolewa huweza kwenda hadi tarehe yake, lakini usitarajie kukiongeza kwa ndoa ambayo haipo tena. Fikiria mtu anayepigwa ndani ya nyumba, na makaratasi yake yote yanategemea aliyemnyanyulia mkono. Kuna dada wengi wamenyamaza kwa sababu hiyo. Anayefuata anapaswa kujua mapema pasipoti yake itakaa wapi, na iwe ni mkobani mwake.

Nirudi kwa maajenti, maana wengi wananiuliza kama wote ni matapeli. Hapana. Wapo wanaofanya kazi safi. Lakini elewa wanavyokula. Ajenti wa masomo kwa kawaida hulipwa kamisheni na chuo kwa kila mwanafunzi anayempeleka. Hana haja ya kukudanganya ili akupeleke kwenye kozi isiyokufaa. Inatosha asikuulize kama una mume. Na anayelipwa kukushauri au kukuwakilisha kwa masuala ya uhamiaji wa Canada anatakiwa awe wakili, au mshauri aliyesajiliwa na bodi yao, na orodha ya waliosajiliwa iko wazi mtandaoni. Unaandika jina lake, unaona yumo au hayumo. Kazi ya dakika mbili. Tulioona wazazi wakiandamana Eldoret mwaka 2023 kwa pesa walizolipa chini ya mpango wa kaunti wa masomo ya Finland na Canada tunajua kwamba hata muhuri mkubwa wa ofisi si kinga.

Kuna ushauri mwingine unaosambaa: kwamba mwenzi aende tu na viza ya utalii, akifika atafute kibarua chini ya maji. Binamu aliufikiria kwa wiki nzima. Viza ya kutembelea inaruhusu kumwona mkeo, hairuhusu kazi, na ukishikwa rekodi hiyo inakufuata kwenye kila ombi utakaloandika baadaye, na huenda ikamfikia na yeye. Wifi ndiye aliyekataa. Alisema kwenye simu kwamba hakulala njaa mwaka mzima ili amwone mumewe akirudishwa kutoka uwanja wa ndege.

Sasa wamegeuza mambo. Kibali cha wifi kinaisha Aprili 2026. Binamu, ambaye alipata digrii yake ya uhandisi wa umeme kwa kusoma jioni miaka sita na hakuwahi kuitumia, ndiye ameomba shule: shahada ya uzamili, kozi inayoanza Januari. Akipata viza, yeye atakuwa mwanafunzi na mkewe ndiye ataomba kibali cha wazi kama mwenzi.

Alipata nafasi katika vyuo viwili. Kimoja kina kozi ya miezi 12, karo nafuu, na kilikuwa tayari kumpa punguzo. Cha pili ni cha miezi 20 na bei yake inatisha. Isitoshe, tangu Septemba 1, 2025 Canada inataka mwombaji asiye na familia aonyeshe dola 22,895 za matumizi ya mwaka mmoja, mbali na karo na nauli. Hizo ni zaidi ya Sh2 milioni. Wifi alipoomba, kiwango kilikuwa dola 10,000. Na wao ni wawili, kwa hiyo zaidi.

Safari hii hakwenda kwa ajenti. Alikaa kwangu Jumamosi nzima na simu mbili na daftari la shule la kurasa 96, anasoma tovuti ya serikali ya Canada aya kwa aya, anaandika tarehe pembeni. Kila mahali palipoandikwa miezi 16 alipiga mstari wa kalamu nyekundu. Saa mbili usiku alimpigia mkewe, huko kwao ilikuwa saa sita mchana, yuko kwenye mapumziko ya kazi. Walizungumza kwa muda mfupi. Kisha akatuma amana ya chuo cha miezi 20, akafunga daftari, akaniuliza kama kuna ugali umebaki.

Jibu la viza bado halijatoka. Friji hajanunua.